Aliyesikia la Mkuu

Mama mwenzangu, kama una mtoto anayependa kutembea peke yake, weka kazi chini usome haya mpaka mwisho. Mimi ni fundi wa mapazia, shule niliishia darasa la saba, maneno ya kupamba sina. Lakini hili limenipata, na sitaki likufike wewe.

Nimezaa wasichana wawili, basi. Baba yao alitangulia mbele ya haki wakiwa bado wadogo. Mkubwa ametulia, ana mume na watoto, ukimtafuta unamkuta. Mdogo ndiye huyu tunayemwita Kiguu, maana tangu alipojua kusimama amekuwa kiguu na njia. Ukimtuma chumvi duka la jirani, atazunguka mtaa mzima kwanza aone nani kapaka mlango rangi mpya. Alipokua akapata kazi yake, kila likizo ikawa ni hiyo hiyo: anachukua mkoba, anapanda basi mpaka mji fulani wa kale, anatembea. Peke yake. Kwa miguu. Polepole, kama mtu aliyedondosha sindano.

"Kwani huko kuna nini?" nilikuwa namuuliza.

"Kuna mitaa, mama."

"Hata hapa kuna mitaa."

"Ya hapa naijua."

"Basi panda gari uzungushwe, uone, urudi."

"Mji wa kale hauonwi dirishani, mama. Ukienda haraka unaona kuta tu."

Nikaona nikimkataza atakwenda kwa kificho, na hiyo ni mbaya zaidi. Nikampa ruhusa yenye masharti. Anipigie kila siku kabla jua halijazama. Vitu vyake vyote viingie katika mkoba mmoja, niliomshonea mwenyewe kwa mabaki ya pazia la majani ya kijani. Na sharti kubwa kuliko yote: asimwambie mtu yeyote kwamba yuko peke yake.

"Mtu akikuuliza, sema kaka yako yuko mbele anakusubiri. Mwanamume mrefu, uso mkali, hacheki na mtu."

Kiguu alicheka mpaka akashika ukuta. "Kaka gani tena? Umemzaa lini?"

"Nimemzaa leo. Mchukue uende naye."

Ikawa utani wa nyumbani. Akipiga simu nauliza, "Kaka yako hajambo?" Naye anajibu, "Hajambo, ila anakula sana." Tunacheka. Tukimaliza kucheka namkumbusha kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, naye anasema, "Nimesikia, mama." Na kweli alikuwa anasikia.

Safari hii alikwenda baada ya zile mvua kubwa. Kila jioni nilibana simu begani huku mguu uko kwenye cherehani, naye ananisimulia alikopita. Kuna fundi viatu anayekaa chini ya ngazi. Kuna kichochoro chembamba ambacho watu wawili wenye vikapu wakikutana, mmoja lazima arudi nyuma. Kuna mlango mkubwa ambao kizingiti chake kimelika katikati kama kipande cha sabuni. Mambo madogo madogo hayo ndiyo yaliyokuwa furaha yake.

Siku ya mwisho aliniambia, "Kesho narudi, mama. Ila kabla ya basi nataka kupanda juu, niuone mji wote kwa pamoja."

"Juu wapi?"

"Kuna nyumba moja—"

Hapo akaingia mteja na mapazia yake mikononi. Nikasema, "Ngoja mwanangu, kuna mtu," nikakata.

Kesho yake hakurudi. Jioni simu haikulia. Nikapiga, sauti ikaniambia namba haipatikani. Nikajipa moyo, betri imeisha, basi limeharibika. Nikapiga tena na tena mpaka ile sauti nikaichukia kama mke mwenza. Asubuhi nikamwambia dada yake.

"Tusubiri kidogo, mama," alisema.

"Subiri wewe una watoto. Mimi nakwenda."

Nikakata kipande cha lile pazia la majani, nikakitia kwenye pochi, nikapanda basi. Nilifika usiku, nikalala stendi mpaka kulipokucha.

Nyumba ya wageni aliyofikia nilikuwa naijua jina. Mwenyewe ni mama mnene, mchangamfu, wa kusema kabla hujamaliza salamu. Nilipomwonyesha kitambaa akapiga makofi.

"Yule wa mkoba wa mapazia! Mtoto mzuri yule. Ameshaondoka juzi asubuhi, dada, na kila kitu chake. Kaka yake alikuja kumchukua."

Nilitaka kucheka, kwa mazoea. "Alikwambia hivyo?"

"Alikuja, nakwambia. Nimemwona kwa macho yangu haya. Mwanamume mrefu, uso mkali, wala hacheki na mtu."

Mama mwenzangu, damu ilinisimama. Nilishika meza. Yule kaka niliyemzaa kwa mdomo, nikiwa nimekaa kwenye stuli yangu nyumbani, alikuwa amepata miguu. Amekuja mpaka mlangoni. Amemchukua mwanangu.

Nilikwenda kituo cha polisi nikikokota goti langu bovu. Askari wa zamu alinisikiliza huku anakoroga chai.

"Kwa hiyo mtu mzima amechukuliwa na kaka yake. Hapo kosa ni lipi, mama?"

"Hana kaka."

"Hana kabisa? Wa mama mdogo? Wa baba mkubwa? Hao wote si kaka?"

"Hana."

Akamtazama mwenzake, wakatabasamu. "Basi pengine ni wale kaka wengine, ambao mama huwa hajulishwi. Nenda kapumzike. Kama mpaka kesho kimya, rudi tuandike."

Kesho! Yeye kesho yake ilikuwa karibu. Yangu ilikuwa ng'ambo ya mto wenye mamba. Nilitoka nje nikasimama juani, nikawaza kwamba kuna mtu kasikia uongo ule. Mahali fulani, kwenye mgahawa au kwenye basi, Kiguu alisema kaka yangu mrefu mkali ananisubiri, na mwanamume mmoja mrefu mkali akasikia, akasema moyoni, kumbe nafasi ipo, acha niijaze. Mimi ndiye niliyemshonea vazi, yeye kalivaa.

Sikuwa na pa kushika isipokuwa yale masimulizi ya simu. Nikaamua nipite alikopita, nizifuate hadithi zake moja moja.

Mji ule ni wa kuta ndefu na vichochoro. Ukiingia kimoja jua linabaki juu huko, na wewe unatembea chini kama uko ndani ya mfuko. Mtu akikohoa nyumba ya tatu unadhani yuko begani kwako. Nilitaka kukimbia lakini goti halikutaka, na vichochoro navyo havitaki, maana mawe yamelainika kwa miguu ya watu wa zamani. Nikaenda hatua kwa hatua, mkono ukutani. Nikauona ule mlango. Kizingiti kweli kimelika kama sabuni. Nikakigusa, nikaanza kulia, maana kilikuwa pale pale kama alivyoniambia, ila yeye hayupo.

Fundi viatu nilimkuta chini ya ngazi yake, misumari mdomoni. Nilipomwonyesha kitambaa akaitema mkononi.

"Mkoba huo nimeushona kamba mimi, juzi asubuhi. Ulikatika."

"Alikuwa na mtu?"

"Alikuwa na kaka yake. Alimsubiri pale kona."

"Ulimwona?"

"Nilimwona, mama. Kwa mgongo."

"Amevaa nini?"

"Mama, mimi macho yangu yako chini siku nzima. Naangalia viatu tu."

"Haya, alivaa viatu gani?"

Akaugeuza msumari mmoja vidoleni. "Viatu vyake," alisema polepole, "sikuviona."

Wakati ule sikulitia maanani. Hofu ikishakujaa haiachi nafasi ya akili. Nilishika neno moja tu, kwamba alimsubiri kona, na kona aliyoninyooshea kidole ilikuwa inapanda kwenda sehemu ya juu ya mji, kwenye nyumba kongwe kabisa. Nikapanda.

Huko hakukuwa na maduka. Milango imefungwa, mingine haina nyumba nyuma yake, ukichungulia unaona mbingu. Mvua zilikuwa zimezila kuta, na mahali pengine wamezikingia magogo mbavuni zisianguke. Kutoka mtaa wa chini nyundo zilikuwa zinapiga, ko, ko, ko, kisha zikanyamaza, nadhani watu walikwenda kula. Zilipokoma nikasikia kitu kingine. Hatua. Nyuma yangu. Nzito, za mtu asiye na haraka.

Nikaongeza mwendo. Zikaongezeka. Nikasimama kama najifunga kilemba, nazo zikasimama. Nikasema moyoni, mama, usigeuke. Nikageuka.

Alikuwa mwanamume mrefu. Uso mkali, wenye vumbi jeupe mpaka kwenye nyusi. Hakucheka.

Nilitaka kumrukia nimshike shati, niseme mwanangu yuko wapi, lakini sikuthubutu. Kule mbele nikaona kichochoro kimezibwa kwa kamba, na nyuma yuko yeye. Katikati mimi.

"Mama," akasema, "uko peke yako?"

Na mimi, bila kufikiri, kama mtu anayepiga chafya, nikajibu: "Siko peke yangu. Mwanangu wa kiume yuko pale mbele ananisubiri. Mwanamume mrefu. Mkali."

Akanitazama. Kisha akanipita kwa ubavu, akaiinua ile kamba kwa mkono mmoja.

"Haya, kama mko wawili, pita."

Akageuka zake, akaanza kushuka.

Nilipita chini ya kamba nikashukuru Mungu kwamba uongo wangu umeniokoa. Nikapiga hatua moja, ya pili. Hapo ndipo nilipojisikia. Niliisikia sauti yangu mwenyewe ikisema mwanangu wa kiume, mrefu, mkali. Yule mtu hakuuliza yuko wapi. Hakuangalia kama yupo. Alishamwona tayari, kwa maneno yangu. Kesho angeulizwa, angesema, ndiyo, yule mama alikuwa na mwanawe, mrefu hivi. Fundi viatu hakuona viatu kwa sababu miguu haikuwepo!

Nikapiga kelele. "Baba! Baba, rudi! Nimekudanganya. Niko peke yangu!"

Akarudi mbio, na uso wake ukawa mkali zaidi. "Sasa mama mtu mzima unanidanganya kwa nini? Unaona magogo haya? Mimi ndiye mwashi wa hapa. Kuta hizi zinadondosha mawe hata bila upepo. Mtu mmoja hapiti hapa, ndiyo sheria yangu. Wakiwa wawili wanapita, jiwe likimkuta mmoja mwingine ataleta habari. Ukiwa peke yako nani atakuja kuniambia?"

Nilitoa kitambaa. Nikakinyoosha mbele ya uso wake. "Juzi, msichana mwenye mkoba wa hiki. Ulimuuliza?"

"Nilimuuliza."

"Akakujibu nini?"

Vumbi lile la usoni mwake likawa kama jivu. "Alisema kaka yake yuko mbele. Nikamwinulia kamba." Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Sikumwona akirudi. Nikajua wametokea upande wa pili, wako wawili."

"Hana kaka," nikasema. "Huyo kaka nilimtunga mimi."

Tulikwenda, yeye mbele anakanyaga kwanza, mimi nyuma naweka mguu alipoweka wake. Mwisho wa kichochoro ilikuwepo nyumba moja ndefu kuliko zote, mlango umeegemezwa tu. Ndani giza na harufu ya chokaa iliyolowa. Ngazi ya mbao ilikuwa inapanda kwa kuzunguka, na juu, pale ilipopaswa kuendelea, palikuwa na tundu, na chini yake sakafu nayo imetoboka. Mbao zimevunjika, ncha zake bado nyeupe, mpya.

Nilitaka kuita nikashindwa. Unaogopa kuita, mama mwenzangu, kwa sababu ukiita na kimya kikakujibu, basi utakuwa umeshajua.

Mwashi ndiye aliyeita. Sauti yake nzito, inagonga kuta. "Kuna mtu humu?"

Kimya.

"Kuna mtu?"

Tukasikia kitu chini ya sakafu, kama panya anayekwangua. Halafu sauti, nyembamba, kavu kama karatasi.

"Kaka yangu... kaka yangu yuko juu hapo. Anashuka sasa hivi."

Mama mwenzangu, nimezika mume na nimezika wazazi, lakini sijasikia neno lililonichoma kama lile. Amelala gizani na guu limevunjika, midomo imepasuka kwa kiu, amesikia hatua za mwanamume, na bado anashika sharti langu.

Nikapiga magoti pale pale kwenye vumbi. "Kiguu! Mwanangu, huna kaka! Ni mimi, mama yako. Sema uko peke yako. Sema!"

Halafu akaanza kulia. "Niko peke yangu, mama. Niko peke yangu."

Mwashi alishuka kwa kamba, akaita wenzake, wakambeba juu ya mlango uliovuliwa bawaba, mmoja kila pembe. Alikuwa ameangukia stoo ya chini, yenye kuta nene kama za kaburi. Simu ilipasuka. Chupa ya maji aliyokuwa nayo mkobani ndiyo iliyomfikisha siku ile, na maji yaliyokuwa yanadondoka ukutani. Mwanzo aliita, lakini nyundo zilikuwa zinapiga. Halafu jioni ya kwanza, nyundo zikiwa kimya, mtu aliingia mle ndani juu yake.

"Nilisikia hatua zake, mama," aliniambia hospitali, guu limening'inizwa. "Hatua za mwanamume. Nikaziba mdomo kwa mkono. Nikasema, akijua niko peke yangu na siwezi kukimbia..."

Mwashi alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. "Nilifuata koleo langu," alisema, na machozi yakampasulia njia kwenye vumbi. "Koleo tu, dada yangu. Nilikuwa juu yako pale pale."

Yule mama wa nyumba ya wageni naye alikuja na chupa ya uji. Nikamuuliza ana kwa ana, kweli ulimwona huyo kaka? Akashika shavu. "Dada, sikudanganyi tena. Mtoto wako alinieleza vizuri sana, mpaka nikamwona."

Sasa nakuambia unachopaswa kusikia. Sisemi kwamba watu wote ni wema. Sisemi dunia imetulia. Bado naogopa, na mtu akinifuata kichochoroni bado nitatafuta jiwe. Ila ulinzi wa uongo niliompa mwanangu uliwafukuza wabaya na wema pamoja, kwa fimbo moja, na waliobaki ni kuta. Mji mzima ulimwona, mji mzima ukalala usingizi, kwa sababu alikuwa na kaka. Mwambie mtoto wako achague mtu mmoja kila anapofika, mwenye nyumba ya wageni, muuza chai, yeyote ambaye roho yake inamkubali, amwambie ukweli: niko peke yangu, nakwenda pale, nisiporudi nitafute. Na wewe akikupigia simu, mteja asubiri.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sibishani nao. Ila wangu alisikia la mkuu, neno kwa neno, na guu likavunjika mahali pawili.

Limeunga. Anachechemea kidogo asubuhi, na mvua ikikaribia linamwambia. Nilidhani ndiyo mwisho wa safari. Wiki iliyopita akautoa ule mkoba, akaufua, akauanika.

Nilimsindikiza mpaka stendi. Sikumpa masharti, nilikuwa nimeyamaliza. Alikaa dirishani, karibu na mwanamke mmoja wa makamo mwenye kikapu mapajani. Nikasogea kumpa mkono, nikasikia yule mwanamke anamuuliza, "Mwanangu, uko na nani?"

Kiguu akanitazama kwanza. Kisha akamgeukia.

"Niko peke yangu, mama," akasema, kwa sauti ambayo basi zima lingeweza kuisikia. "Nashukia mwisho wa safari."

Nikashika dirisha mpaka basi likaanza kuondoka, na yule kaka sikumtaja.